Mbuzi m wa Mzee Huqa

Kosa la Mwalimu Makandi lilikuwa kuuliza. Jumatatu asubuhi, akiwa na chaki mpya na matumaini ya wiki nzima, alisimama mbele ya gredi ya saba, akamgeukia Racho, msichana wa dawati la mbele ambaye mdomo wake ulikuwa mwepesi kuliko kalamu yake, akamuuliza kwa nia njema kabisa kwao wana mbuzi wangapi.

"Wako," Racho akasema.

Makandi akatabasamu, akauliza tena polepole, kama mtu anayedhani hajasikika.

"Wako, mwalimu. Mungu ametupa."

Darasa likaanza kucheka chini kwa chini. Makandi akamjaribu Dahir, naye akajibu kwamba wa kwao wameenda malishoni, kana kwamba mbuzi akienda malishoni hana idadi tena. Natabo, aliyekaa karibu na dirisha, akasema mwalimu anauliza kama mtu wa sensa, na huyo wa sensa mwenyewe alidanganywa.

Masikini Makandi, hakuwa na haja na mbuzi wa mtu. Yeye ni mtoto wa wakulima wa milimani huko Meru, ambako ukiulizwa una migomba mingapi unajibu na kuonyesha kwa kidole. Alichotaka ni mtoto mmoja ataje idadi, kisha yeye aseme: sasa tuseme hatuijui, tuiite x. Ndivyo alivyopanga usiku kucha kwenye daftari. Alipoona hakuna anayetaja, akaruka daraja lote akaandika ubaoni x + 4.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuna aliyetaka kujua herufi ya somo la Kiingereza imekuja kutafuta nini kwenye hesabu. Dahir akahesabu kwa vidole kutoka a mpaka x, akapata ishirini na nne, akatangaza kwamba jibu ni ishirini na nane na kama mwalimu ana shaka basi akaangalie alfabeti. Makandi alipowapa 3x + 2, darasa zima isipokuwa watoto watatu waliandika 5x, na hao watatu hawakuandika chochote. Kufikia mapumziko alikuwa ameshapewa jina: Mwalimu Eksi. Kufikia saa ya chakula, hata mpishi alimpakulia githeri kwa jina hilo.

Jina lisingemuuma, kama si ile fomu. Makandi alikuwa mwalimu wa muda, ameandikwa na bodi ya shule kwa muhula mmoja tu, na muhula ulikuwa unaisha. Mwalimu mkuu alimwambia kwamba Alhamisi mjumbe mmoja wa bodi ataketi nyuma ya darasa lake, aone, kisha ajaze fomu ya kusema abaki au aende. Diploma yake Makandi aliipata kwa masomo ya jioni, tumbo likigusa meza, na kila alipofungua kitabu cha hesabu mtoto alimpiga teke kana kwamba ana jibu. Mtoto huyo, Kinya, sasa ana miaka miwili na bado ana majibu. Kazi hii ndiyo iliyomfanya Makandi aitwe mwalimu kwa mara ya kwanza, na hakuwa tayari kurudi kuitwa yule msichana aliyesoma.

Na mjumbe mwenyewe alikuwa Mzee Huqa. Ndevu zake nyekundu za hina zilijulikana kutoka soko la mifugo la Isiolo hadi Kinna. Kwamba mbuzi wake ni wengi, kila mtu alijua. Ni wangapi, hakuna aliyejua. Tena alikuwa babu yake Racho, aliyekaa naye nyumba moja, kwa hiyo Makandi alikuwa na hakika kwamba habari za Mwalimu Eksi zilishafika kwenye chai ya jioni.

Jumanne, alipokwenda kumchukua Kinya kwa Barwaqo, jirani yake pale mtaani Wabera aliyeuza maziwa ya ngamia na kumshikia mtoto, Makandi alimsimulia yote. Barwaqo alicheka mpaka ikabidi akalie mtungi.

"Mama Kinya, uliuliza mtoto wa watu mbele ya watu? Ungemuuliza tu babu yake analala upande gani wa kitanda."

Akamweleza, huku akifuta machozi, kwamba mifugo na watoto hawatajwi idadi yao yote kwa mdomo. Ukitaja, unaita jicho, na kesho utakuta pengo. Mwenyewe anajua, na wakati wa zaka anahesabu sawasawa, lakini hiyo ni kati yake na Mungu. Waliozaliwa unaweza kusema. Waliopotea unaweza kusema. Wote pamoja, husemi.

Makandi alikuwa bado anawaza vile alivyojichimbia shimo, simu ya Barwaqo ikalia. Ni kaka yake, kutoka Kinna. Makandi akamlisha Kinya uji huku akisikiliza upande mmoja wa mazungumzo. Wale wetu wako? Alhamdulillahi. Wamezaa watatu? Na yule wa fisi ni mmoja tu? Haya, basi.

"Sasa wamekuwa wangapi?" Makandi akauliza, ulimi ukimteleza tena.

"Wewe husikii," Barwaqo akasema. "Ni wale wa juzi, na watatu, toa mmoja."

Kijiko kikasimama hewani. Kinya alifungua mdomo akangoja, akaufunga, akaufungua tena. Mama yake alikuwa anamtazama Barwaqo kama mtu aliyeona mlango mahali alipozoea kuona ukuta.

Alhamisi Mzee Huqa alifika mapema kuliko kengele. Alisalimia salaam aleikum, watoto wakamjibu kwa sauti moja, akaenda kuketi nyuma kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mtoto, fimbo katikati ya magoti yake. Racho hakugeuka kumtazama, ila mgongo wake ulinyooka ghafla.

Makandi akaeleza sheria ya siku hiyo. Leo hakuna kutaja idadi ya mifugo ya mtu yeyote. Atakayetaja, atamalizia somo nje. Watoto wakatazamana, na yeye akaona kwa mara ya kwanza wiki ile kwamba wanamsikiliza.

"Racho," akasema, "wale wa kwenu wako?"

"Wako, mwalimu."

"Mungu awazidishe. Tuwaandike m." Akaandika. "Hii m ni idadi kamili ya wale wa mwanzo. Mwenyewe anaijua. Sisi hatuijui, na hatuulizi. Sasa, kuna waliozaliwa karibuni?"

Racho akapiga jicho nyuma, kwa babu yake, akaona ruhusa au akaitunga. Wanne, akasema. Makandi akaandika m + 4. Na waliopotea? Mmoja, alichukuliwa na fisi. Mkono wa Dahir ulikuwa juu kabla swali halijaisha, na jibu lake, m + 3, lilikuwa sahihi bila alfabeti wala kidole. Natabo akauliza kama wanaweza kuweka na wale wa shangazi yake. Makandi akauliza, kwani mnajua kama wa shangazi ni wengi sawa na hawa wa m? Hawajui. Basi wa shangazi wana herufi yao, na shangazi ana siri yake.

Akarudia lile la Jumatatu, 3x + 2. Mazizi matatu, akasema, kila zizi lina mbuzi x waliofungiwa, halafu kuna mbuzi wawili wanazurura hapo barabarani. Kuna mtu ana mazizi matano hapa? Darasa likaguna. Mmoja akasema labda hao wawili wajijengee. Kila mtu alicheka, na zile 5x za Jumatatu zikafutwa kwenye madaftari kimya kimya, wengine wakificha kwa mkono.

Mzee Huqa akagonga sakafu kwa fimbo.

"Mwalimu. Na mtu akitaka kujua hiyo m yangu?"

"Hawezi, mzee. Mpaka yule mwenye mbuzi amwambie jumla yao."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jambo hili lilimpendeza wazi: miaka yote hiyo ametunza siri yake bila msaada, kumbe hata shuleni kuna herufi ya kuitunza. Na mtu akipendezwa, hulegea. Akawageukia watoto, akawaambia mwalimu wenu anasema kweli, mali ni ya kufichwa. Hata hao mnaowaona ubaoni, na wale waliozaliwa humo, na bila huyo wa fisi, juzi tu aliwahamisha wote kutoka Kinna. Malori mawili. Yalijaa pomoni, hata mwana-mbuzi mmoja zaidi hakuwa na pa kusimama.

Vichwa vikainuka.

Hii ni Isiolo. Nusu ya watoto wale baba zao wanauza mbuzi, wananunua mbuzi, wanapakia mbuzi. Lori linabeba mbuzi wangapi likijaa, hilo wanalijua kama wanavyojua siku za juma. Penseli zikaanza kukimbia. Dahir aliandika kwenye kiganja. Racho alimaliza wa kwanza, akatazama alichopata, akajifunika mdomo kwa mikono miwili.

Na mkono wa Makandi, bila kumwomba ruhusa, ulikuwa umeshaandika ubaoni m + 3 =.

Alisimama hapo, mgongo kwa darasa. Lilikuwa somo la wiki ijayo lote, limeletwa mezani likiwa moto. Mistari miwili tu, na kila mtoto angeelewa mpaka uzeeni, na mjumbe wa bodi angeona mwalimu wa namna gani wanataka kumpoteza. Akamfikiria mzee mwenye ndevu za hina kwenye kiti cha mtoto, aliyejisahau kwa sababu alifurahi.

Akachukua kifutio akaifuta alama ya usawa, taratibu, mpaka ubao ukabaki m + 3 na wingu la vumbi.

"Hiyo alama hatujaifikia," akasema. "Na sheria ya leo mnaikumbuka."

Hakuna aliyetaja. Watoto arobaini na ushee walikuwa wameijua siri kubwa kuliko zote mjini, na walikaa juu yake kama kuku juu ya mayai, mabega yakiwatetemeka kwa kicheko. Dahir akatema mate kwenye kiganja, akasugua.

Mzee Huqa alitazama ubao, akatazama mabega yale, na taratibu, kama jua linavyopanda, uso wake ukaelewa. Akainuka. Kiti kikainuka naye kidogo kabla hakijamwachia.

"Mwalimu, umefuta nini pale?"

"Kosa langu, mzee."

Akasema hm, akaondoka na fimbo yake. Hm hiyo Makandi aliilalia siku nne. Barwaqo alimwambia kuna hm ya kukubali na hm ya kununa, na tofauti yake haisikiki ila na mke wa mtu.

Jumatatu mwalimu mkuu alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa historia, miaka ya vita anaijua yote, ila hesabu waliachana zamani bila kugombana. Fomu ilikuwa mbele yake, naye aliishika kwa mbali.

"Huyu mzee ananichezea? Wanafunzi waliokuwepo, ameandika w."

"Ni watoto, mwalimu. Hawatajwi."

"Na hapa, jumla ya mihula ya mwalimu, ameandika m + 3." Mwandiko wa herufi ile, yenye mkia uliopinda, Makandi aliufahamu vizuri sana, alikuwa ameusahihisha wiki nzima kwenye daftari la Racho. "Shule nzima inasema m ni mbuzi. Nimwajiri mbuzi?"

Makandi alijitahidi uso usimsaliti. Akaeleza kwamba m ya mbuzi ilibaki darasani Alhamisi, na hii ni m nyingine, ya mihula ambayo ameshafundisha. Iko kwenye faili. Mwalimu mkuu akafungua faili, akatazama, akatazama dari.

"Umefundisha mmoja."

"Ndiyo."

"Basi anataka uongezwe mitatu. Mwaka mzima." Akaandika barua hapohapo, akaigonga muhuri, kisha akairudia fomu kwa jicho la mtu aliyeibiwa. "Lakini si angeandika tu nne?"

Makandi aliikunja barua mara mbili, akaitia ndani ya pochi pamoja na soksi moja ya Kinya. Akasema, kwa heshima zote, kwamba swali hilo ndilo somo lake la leo saa tano, na kile kiti cha nyuma kiko wazi.