Mnada Usio na Salamu

Benadeta wa Nyakatuntu alikuwa amestaafu kushona vikapu, na alistaafu kwa hasira. Siku hiyo gulioni Nkwenda watu walivishika vikapu vyake, wakavigeuza, wakavisifu weee, kisha wakaenda kununua mabeseni ya plastiki. Alirudi navyo vyote kichwani. “Basi,” akasema, “mikono imechoka.” Uongo mtupu! Mikono haikuwa na neno. Moyo ndio uliochoka. Mwanamke aliyezoea kushona huku akiimba na kusengenya kijiji kizima, sasa alikaa tu barazani, anamjibu mtu neno moja moja. Kemilembe, mke wa mwanawe, aliumia sana. Nyumba ilikuwa imepoa, naye hakutaka kitu kingine duniani ila mama mkwe wake ashone tena.

Kemilembe mwenyewe aliuza mitumba kwa simu, kwenye soko la mtandaoni liitwalo Tandaza. Lilianza na viatu na simu zilizotumika. Mara likafungua upande wa vipuri, mara wa mbegu, mara wa kazi za mikono. Mara likaleta mnada, watu wanapandishiana bei huku wakikutazama mubashara. Na mwaka huu, ala! Likavuka mipaka. Mtu wa Ulaya anaingia, anaandika kwa lugha ya kwao, wewe unasoma Kiswahili.

“Mama, tujaribu kimoja huko mnadani?” Kemilembe akauliza.

“Kizuri chajiuza, mwanangu.”

“Siku hizi hata kizuri kina simu, mama.”

Benadeta akacheka bila kupenda. Akaingia ndani, akatoka na kaibo, kile kikapu kidogo cha kumkaribishia mgeni kahawa ya kutafuna.

Jumamosi asubuhi Kemilembe akaegemeza simu kwenye mkungu wa ndizi, mnada ukaanza. Kazi ya Benadeta ilikuwa moja tu, kukiinua kikapu kionekane. Lakini alipoambiwa kwamba watu wameshaingia na wanamwona, akili yake ikamwambia: wageni hao! Akatia buni ndani ya kaibo, akakisogeza mpaka kwenye kioo cha simu.

“Karibuni wanangu. Hamjambo? Huko mliko mmeamkaje?”

“Mama, muda unakwenda!” Kemilembe akanong'ona.

“Uende. Nitauzaje kwa mtu sijamjulia hali?”

Salvina wa Bukoba akaandika shikamoo. Benadeta akamwitikia, akamuuliza mvua, akamuuliza watoto. Wengine nao wakasalimia, na bei ikapanda huku wakiulizana habari za nyumbani. Mmoja tu, Pieter wa Uholanzi, hakutamka neno. Kila Salvina alipopandisha, yeye alimpita, kimya kimya, mpaka muda ukaisha na jina lake likabaki juu.

“Ameshinda!” Kemilembe akaruka. “Mama, bonyeza hapa ukubali.”

“Sibonyezi. Ameingia kwenye mji wangu kama mwizi. Kikapu ni cha Salvina.”

“Mama yangu wee! Tukimkataa mshindi watatufungia mnada! Halafu mteja ni mfalme.”

“Hata mfalme akiingia kwa mtu anasalimia.”

Kemilembe akashika kichwa. Mlango wa kumrudisha mama mkwe kwenye ushonaji ndio huu, hakuwa na mwingine, na bibi huyu anaupiga teke! Akaandika upesi: “Samahani, mama anasema hujamsalimia.”

Kemilembe akajilaumu, akamlaumu na aliyeleta simu duniani. Kisha jibu likaingia: “Mama anisamehe. Nilidhani kwenye mnada watu hawazungumzi. Nianzeje?”

“Kumbe hakufundishwa tu, maskini!” Hasira zote za Benadeta zikayeyuka. Akamwambia aseme shikamoo. Pieter akatuma sauti, neno likimzunguka mdomoni kama kiazi cha moto, na Benadeta akaitikia marahaba kwa nguvu hadi kuku wakakimbia. Kemilembe alicheka mpaka akashika ubavu.

Pieter akaandika tena: “Mpeni dada wa Bukoba hiki, ninamwachia kwa hiari yangu. Mimi nitasubiri changu, hata kama ni mwakani.”

Kemilembe akasoma kwa sauti. Changu kipi, na mshonaji amestaafu? Alitamani kumbembeleza mama mkwe, akaogopa kuharibu.

Benadeta akakichukua kaibo, akakipima kwa viganja vyake.

“Muulize,” akasema, “nyumbani kwake wanakaa wangapi. Kaibo cha watu wawili na cha nyumba iliyojaa havishonwi ukubwa mmoja.”

Kemilembe akaliandika swali hilo mbiombio, machozi ya furaha yakimlengalenga, na kabla hajamaliza Benadeta alikuwa ameshaingia ndani kutafuta ukindu wa kushonea.