Fomu ya Kuacha Hisabati

…na sehemu ya sababu ndiyo imenishinda, jina nimeandika, namba ya usajili nimeandika, mwaka wa tatu, shahada ya pamoja ya hisabati na sayansi ya kompyuta, naomba kuacha upande wa hisabati nibaki na kompyuta peke yake, yote hayo nimeyaandika kwa mwandiko wa mtoto anayeogopa fimbo, lakini hapo palipoandikwa Sababu pana mistari minne mitupu, na kalamu kila ikifika hapo inagoma kama punda, nani sijui aliamua kwamba sababu ya mtu huenea kwenye mistari minne, wala pungufu wala zaidi, na benchi hili lina msumari uliochomoza, nimeshahama mara mbili, na sekretari wa idara ananitazama juu ya miwani yake, subiri kidogo, anasema, mkuu yuko kwenye simu, akimaliza utaingia, nami nasema sawa, mama, nasubiri, na natabasamu tabasamu lile la watu walioketi nje ya milango ya wakubwa… sauti ya mkuu wa idara inapita chini ya mlango vipande vipande, hapana bwana, nimeshasema hapana, mtihani ni Jumatatu, kisha inazama, kisha inaibuka tena, hapana… ningeandika masomo ni magumu, wataamini, nani asiyeamini kwamba hisabati ni ngumu, hata sekretari huyu ataguna tu na kupiga muhuri, lakini si kweli, au ni kweli nusu, muhula uliopita nilianguka mitihani miwili si kwa sababu sikujua, nilikaa nikazitazama zile namba nazo zikanitazama, saa tatu nzima, nikarudisha karatasi nikiwa nimeandika tarehe… shangazi alisema tangu mwanzo, mshika mbili moja humponyoka, alisema hivyo huku akinisaidia kufunga begi siku naondoka nyumbani, amelikalia begi kwa makalio yake yote mawili ili zipu ifike mwisho, mshika mbili moja humponyoka mwanangu, chagua, na Baba mlangoni akamjibu, dada, huyu ana mikono miwili, Mungu hakumpa mmoja, na shangazi akasema haya, mtaniambia, basi ndiyo hii, shangazi, moja inaponyoka, ila hukusema kama inauma.

Si mimi niliyetaka hisabati, nilitaka kompyuta, nilitaka kuandika kitu, kukibonyeza na kukiona kinatembea, Baba ndiye aliyetaka hisabati, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, chaki imeingia kwenye mikunjo ya vidole vyake isitoke hata akioga, hisabati ndiyo shina, alisema, hiyo kompyuta yako ni tawi, nami nikamwambia hakuna mtu anayeajiri shina, Baba, na siku tatu hatukusemezana, tulisema kupitia kwa Mama aliyekuwa kwenye cherehani yake anashona sare za watu, mwambie binti yako, mwambie mumeo, mwambie binti yako, mpaka Mama akaondoa mguu kwenye cherehani akasema jamani, mimi si posta… halafu mimi ndiye niliyeikuta kwenye kile kitabu cha kozi, ukurasa wa mwisho kabisa, Hisabati na Sayansi ya Kompyuta, shahada ya pamoja, nikampelekea Baba kidole changu kikiwa kwenye mstari, naye akasoma neno pamoja mara mbili akacheka mpaka akakohoa, basi tumetoka sare, mama, akasema, sare ya bila kufungana… mama, hivyo ndivyo anavyoniita, ananiita mama tangu nizaliwe… na hapa chuoni wanatuita popo, sote saba wa shahada ya pamoja, si ndege si mnyama, watu wa hisabati wakituona wanasema hao wa kompyuta, wanataka jibu tu, na wa kompyuta wanasema hao wa hisabati, watathibitisha kwamba jibu lipo kisha waende kulala, nilimwambia Baba utani huo kwenye simu akaurudia kwa walimu wenzake wiki nzima, kila Jumapili alipiga, saa tano na nusu, nipe hesabu, anasema, hata salamu hajamaliza, nipe hesabu moja uliyosoma wiki hii, nami nampunguzia, namtolea zile alama za kutisha namwachia mifupa, naye analichukua swali analizungusha kwa akili zake za darasa la saba, za kugawanya na kuchora, na mara nyingine, naapa, alifika kabla yangu.

Wewe ni wa kompyuta au wa hisabati, anauliza sekretari, hajainua kichwa, anapanga mafaili, na mimi nasema wa zote mbili, mama, kwa sasa, naye anapiga mluzi mdogo, mh, zote mbili, wazazi wako lazima wanaringa, na mdomo wangu unasema wenyewe, bila kunishauri, Baba aliringa sana… aliringa, sikusema anaringa, na sekretari mkono wake unasimama juu ya faili, ooh, pole mwanangu, pole sana, Mungu amweke mahali pema, na mimi nasema asante, nasema asante, ninainamia fomu, sikumsahihisha, nimekaa hapa na kalamu mkononi nimemzika baba yangu akiwa hai, wakati huu huu Baba yuko nyumbani amevaa lile sweta la kijivu, fimbo imeegemea goti lake, anasubiri chai.

Kiharusi, Jumanne asubuhi, anafunga kamba za viatu aende shule, Mama alisikia kiti kikianguka akadhani ni kiti tu, na baada ya hapo ni hospitali, wiki tano, mdomo ulikuwa umekwenda upande ukarudi, mguu ukarudi nusu, maneno yakarudi polepole, alitutambua sote, alikumbuka wanafunzi wake wa miaka ishirini nyuma, huyu alikuwa mtoro, yule mama yake alikuwa mkali, na sote tukashukuru, mpaka siku ile daktari, binti mdogo tu, labda ananizidi miaka minne, alipoinua vidole vitatu mbele yake akamuuliza, mwalimu, hivi ni vingapi, na Baba akavitazama kwa adabu, kwa muda mrefu, akasema, vidole vizuri… na tulicheka, Mama na mimi tulicheka, ni mtu wa utani yule, halafu tukaona macho yake, hakuwa anatania. Namba zimekwenda, akatuambia daktari huko nje, sehemu inayoshika namba ndiyo iliyoumia zaidi, mengine yanarudi, hizo siwezi kuahidi, ila mshukuruni Mungu, kilichopotea ni kidogo, na Mama akaitikia ndiyo daktari, asante daktari, kisha tulipobaki wawili akashika ukuta, kidogo, akasema, umemsikia, anasema kidogo.

…viti, inasema sauti nyuma ya mlango, imepanda sasa, viti bwana, nasema watu wamezidi viti, utawakalisha wapi, juu ya meza… na nilikwenda nyumbani Jumamosi ya wiki mbili nyuma, hilo nalo lipo, Baba alikuwa kwenye meza ya Mama, kopo la vifungo vya mashati limemwagwa mbele yake, vifungo vyeupe, vya kaki, vingine vimevunjika tundu, na alikuwa anavipanga kwa mkono ule mzima, viwili, halafu viwili ubavuni mwake, halafu viwili, pembeni mwa meza kama watoto wanaoingia darasani, kimya, ulimi umetokeza kidogo, na Mama anakanyaga cherehani kama hamtazami lakini anamtazama, mpaka vikaisha kikabaki kimoja, hakina mwenzake, akakichukua kati ya vidole akakiinua kwangu akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu siku ile, la kwanza kabisa, na mimi nikasema nini, nikasema vizuri sana Baba, sasa hesabu, viko vingapi… akavitazama vifungo, moja, akasema, akagusa kifungo cha pili, moja, akasema tena, baada ya moja, Baba, baada ya moja inakuja nini, nami sauti yangu ilikuwa inapanda, najua ilikuwa inapanda, baada ya moja Baba, unajua, umefundisha miaka thelathini, na cherehani ikasimama, mwache, akasema Mama, na mimi nikamjibu lazima afanye mazoezi, Mama, daktari amesema, na Baba akakusanya vifungo vyote kwa kiganja akavirudisha ndani ya kopo, mpaka cha mwisho, akafunika, akasema samahani, mwalimu… kwangu, aliniambia mimi, samahani mwalimu, na sikujua nipeleke wapi mikono yangu… watu wamezidi viti, anasema tena mkuu huko ndani, na mtu huyuhuyu, mwaka wa kwanza, wiki ya kwanza, aliingia ukumbini akatuuliza, tukiwa tumesimama sote kwa heshima, je, nyinyi na viti hivi, nani wengi, tukaanza kuhesabu, kila mtu anatikisa kidole hewani, akasema acheni kuhesabu, ketini, tukaketi, wakabaki watatu wamesimama wanaona haya, haya, akasema, nani wengi, tukasema sisi, mmehesabu, akauliza, hatujahesabu, mmejuaje sasa, naye akaandika ubaoni kwamba kabla mtu hajawa na namba hata moja tayari anaweza kulinganisha, hiki kwa kile, hiki kwa kile, mpaka kimoja kikose mwenzake, na Jumapili ile nilimpa Baba hilo badala ya hesabu, naye akasema, lo, kumbe miaka yote hii nawafundisha watoto kuanzia katikati…

Lo, Baba… hiki kwa kile mpaka kimoja kikose mwenzake… viwili, viwili, viwili, na kimoja juu… hukuwa unacheza na vifungo… alikuwa ananiambia ni witiri, havigawanyiki kwa mbili, hana moja, hana mbili, hana hata jina la namba moja lililo salama mdomoni mwake, na alikuwa amethibitisha, mbele yangu, uthibitisho mzima bila namba, akauinua niuone, mimi popo wa mwaka wa tatu, na nikamuuliza viko vingapi. Mama, nasema, na sekretari anainua kichwa, samahani, baba yangu yuko hai, nilikosea kusema, anaumwa tu, na yeye ananitazama, anaweka faili chini, eh, anasema, eh, basi tumshukuru Mungu, anaumwa nini, na mimi nasema kiharusi, anakula vizuri, anauliza, na mimi nasema anakula, anakula vizuri, basi, anasema, mtu anayekula ana safari bado, na anarudi kwenye mafaili yake, na kwa nini nilimuuliza Baba viko vingapi, hilo ndilo swali, si kwa ajili ya daktari, daktari hakusema nimpandishie sauti, nilimkaba nikitaka namba moja tu sahihi itoke kinywani mwake ili ifute ile nyingine… haya, sema, hakuna anayesikia, kichwani mwako humu hakuna sekretari… Jumapili, siku mbili kabla ya Jumanne ile, alipiga saa tano na nusu, nipe hesabu, nami nilikuwa maabara, programu yangu inazunguka haitaki kusimama na saa sita mchana ndiyo mwisho wa kuiwasilisha, nikampa rahisi ili aondoke, nitajie namba tasa zote zilizo chini ya ishirini, jambo analoweza kulisema usingizini, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe, akaanza, mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na nne… kumi na nne, akasema, nikacheka, Baba, kumi na nne tasa tangu lini, umezeeka, na yeye akasema ngoja, mama, nilimsikia anapumua, ngoja kidogo, kuna kitu kimeteleza, na mimi macho yangu yako kwenye kioo cha kompyuta, nikasema Baba nina kazi, nitakupigia baadaye, na sikupiga. Programu ikasimama saa sita kasoro dakika mbili, nikafurahi, nikaenda kula. Jumatatu sikupiga. Jumanne alipiga Mama.

Nimelibeba hilo miezi saba, na kila nikifungua daftari la hisabati hiyo kumi na nne imekaa ukurasani imenikunjia miguu, ndiyo maana nataka kuacha, si ugumu, wala si kwamba Baba hatajua nikiacha, ingawa hilo nalo nililifikiria, Mungu anisamehe, nililifikiria kwamba sasa hatajua… na haiandikiki, mistari minne haiitoshi, na hata ikitosha si mkuu wa idara anayestahili kuisoma, huyo anagombania viti. Akimaliza simu sekunde hii nitaingia nimwambie nini, sijui, labda nitamwomba wiki moja, labda nitaikabidhi fomu hivihivi, kuhusu fomu sijui bado. Kinachojulikana ni kimoja. Bado kidogo tu, anasema sekretari, huyu akishika simu haachi, nami nasema sina haraka, mama, na kweli sina, leo ni Alhamisi, Jumamosi nitafika nyumbani kabla ya saa nne, Baba atakuwa uani kwenye jua, nitamsalimu, nitamshika mkono, sitamuuliza chochote, halafu nitaingia ndani kwa Mama, atakuwa anapinda sketi za sare, pini zimo mdomoni, na nitamwomba asimamishe cherehani kwanza, maana jambo hili la kumi na nne sitaweza kulisema mara mbili.