Marehemu Hapimwi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi wapagazi walipanga foleni mbele ya mizani kwenye geti la mlima, kila mmoja na mzigo wake miguuni. Kanuni ilikuwa imebandikwa ukutani: mtu mmoja, kilo ishirini. Karani wa mizani alitundika mzigo kwenye ndoano, akasoma, akaandika, akasema, "Haya, mwingine." Hakuna mzigo uliozidi. Ile mizito ilikuwa imeshawekwa pembeni, kwa mpagazi waliyemwita Winchi, kama mashine ya kunyanyulia mizigo.

Winchi alikuwa amekufa tangu msimu uliopita. Siku aliyokufa, baada ya kupita mizani, Kiongozi wa msafara alimwongezea mizigo ya watu wawili. Katikati ya njia akakaa chini ya msonobari mnene kuliko yote apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Wenzake walimzika hapohapo. Siku ya nane alirudi getini alfajiri, utomvu umemganda kwenye nywele, kamba za mzigo zingali begani, akasimama kwenye foleni mahali pake pa siku zote. Karani aliisoma kanuni mara mbili. Ilisema mtu. Marehemu haikumtaja. Tangu hapo Winchi hakupimwa.

Leo wageni walikuwa sita, wafanyakazi wa ofisi moja na mkurugenzi wao, waliotaka kufika kileleni na kurudi kabla ya saa saba mchana. Winchi alibeba meza ya kukunja, viti sita, jiko, mtungi wa gesi na choo. Choo kilikuwa ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha kukalia, pamoja na kihema chake. Kilipanda kitupu na kushuka kimejaa.

Binti yake, aliyekuwa mpishi wa msafara, alitembea nyuma yake. Misonobari ilikuwa ya kale, ya kukumbatiwa na watu watatu walioshikana mikono, na majani yake membamba kama sindano yalikuwa yametanda njiani hata nyayo hazikusikika. Kilichosikika ni ndoo. Wageni walikuwa wameshasimama mara mbili kuitumia.

"Mbona huyu mzee hapumui?" aliuliza mgeni mwenye miwani ya jua.

"Amekufa," alisema Kiongozi.

"Aa. Nikadhani anaumwa. Pole, mzee."

"Nimeshapoa, mama," alisema Winchi.

Mgeni akavuta mtandio, akaziba pua. "Ila ananuka."

Winchi alinuka utomvu, kama ubao uliopasuliwa asubuhi ile. Kilichonuka ni ndoo, na aliyeinuka juu yake mwisho alikuwa ni huyo mwenye mtandio. Binti alijua, ila hakuwa mtu wa kujibizana.

Kileleni alipika chai na mayai. Ukungu ulikuwa chini yao. Wageni walipiga picha, kisha wakakaa. Mmoja alivua soksi zilizolowa akazianika kwenye mkono wa Winchi. Mkurugenzi alipenga kamasi kwenye karatasi, akatazama huku na huku, akaitia kwenye mfuko wa shati la Winchi.

Binti alimwendea baba yake, akashika kamba za begani. Zilikuwa zimezama. Nyama ilikuwa imekua juu yake, kama gome la mti linavyomeza waya.

"Usihangaike, mwanangu," alisema Winchi. "Hazilegei mpaka aliyenitwika aniambie nitue. Akisema tu, naenda kulala."

Kiongozi alikuwa anamenya yai. Binti alisimama mbele yake. Maneno aliyokuwa akiyapanga wiki nzima yalimponyoka, akabakiwa na machache.

"Samahani, mkubwa. Naomba umwambie baba atue."

"Atue nini?"

"Mzigo. Akalale."

"Kwani amechoka? Winchi! Umechoka?"

"Hapana, mkubwa," alisema Winchi. Ilikuwa kweli.

"Haya, umemsikia mwenyewe."

"Si habari ya kuchoka. Amekufa."

"Nani kasema hajafa?" Kipande cha kiini kilimdondokea kifuani, akakiokota kwa kidole akakila. "Wewe una roho nzuri. Usiiharibu kwa maneno mengi."

"Sisi ofisini tungepata wawili wa namna hii!" alisema mkurugenzi, na wote wakacheka.

Nyuma yao mpagazi mmoja mzee alikohoa, akakohoa tena. Kiongozi aligeuka, akamtazama kwa muda, kwa upole. "Baba, wakati wa kushuka ongeza na mizigo ya watu wawili," alimwambia.

Walishuka. Chini ya ule msonobari mnene kaburi lilikuwa bado wazi, urefu wa Winchi, limejaa majani makavu. Winchi alipita bila kupunguza mwendo, ila aligeuza kichwa. Mgeni mwenye miwani alitupa humo maganda ya mayai yake, akafuta mikono.

Binti alishuka ndani, akaokota maganda moja moja. Alipotoka alikuwa amebaki nyuma peke yake, ikabidi msafara umngoje. Kiongozi alimwona macho yake, akaingiwa na huruma.

"Basi, usilie. Kuanzia sasa utatembea na baba yako bega kwa bega. Nani atawakataza?" Akachukua mfuko wa karatasi zilizotumika chooni, akampa. "Na maadamu mko pamoja, utabeba huu."

"Asante," alisema binti.

Walitembea pamoja. Mfuko ulikuwa na unyevu kwa chini. Baada ya hatua kumi Winchi alinyoosha mkono, soksi za mgeni zikiwa bado zinaning'inia.

"Lete, mwanangu."

"Hapana, baba."

"Lete."

"Mpe, bwana, tunachelewa!" alipaza sauti Kiongozi kutoka mbele, bila kugeuka.

Binti alitafuta pa kuutundika. Mgongo wa baba yake ulikuwa umejaa, na mabega pia. Shingoni palikuwa na nafasi.