Kitovu cha Mama na Mtoto

Mchora mabango mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, hakuwa mtu wa kupita neno bila kulichungulia ndani. Siku moja mkunga mstaafu, aliyekodi vyumba viwili nyuma ya soko ili kuwapima wajawazito, alimletea karatasi: "Senta ya Mama na Mtoto."

"Shikamoo mama. Niiache hivihivi senta, au niitie Kiswahili?"

"Marahaba. Itie Kiswahili, mwanangu. Wewe ndiye fundi."

Brashi hakujua, ila alijikaza kisabuni. Alianza kwa jirani yake, fundi baiskeli.

"Senta?" fundi akazungusha gurudumu. "Ni hapa kati. Pakihama kidogo tu, baiskeli nzima inayumba."

Lakini mkunga hakuwa na gurudumu. Brashi akaazima kamusi ya binti yake, akakuta ile senta ina ukoo mzima: kati, kiini, kituo, kitovu. Akayaonja yote mdomoni. Redioni aliwahi kusikia "kitovu cha mji", na lilimkaa vizuri. Akachukua rangi ya buluu, akaandika kwa madaha: KITOVU CHA MAMA NA MTOTO.

Kibao kilitundikwa asubuhi. Kufikia adhuhuri mkunga alikuwa mlangoni pa Brashi, anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Baba wewe, umenifanya nini? Nimeshafunuliwa vitovu kumi na kimoja! Vingine vya watu wazima!"

Brashi alitamani ardhi ipasuke. Alibeba ngazi akaenda kukishusha. Alikuwa bado juu, bisibisi mkononi, msichana mmoja aliposimama chini na kichanga cha siku sita.

"Shikamoo. Hapa ndipo wanapotazama vitovu? Mama mkwe anasema kitapona chenyewe, lakini mimi roho haitulii."

Mkunga alifunua kanga, na kicheko kikamkauka. Ngozi ilikuwa nyekundu pande zote, inatoa harufu, na mtoto anachemka.

"Brashi, shuka! Tafuta gari. Huyu ni wa hospitali, sasa hivi."

Alishuka vidato viwiliviwili. Walipofika, daktari alimlaza mtoto papo hapo, akasema wangechelewa hadi kesho, angekuwa anasema mengine.

Wiki iliyofuata Brashi aliandika kibao upya: KITUO CHA MAMA NA MTOTO. Sasa alijua kwamba ipo senta ya kuonyesha kwa kidole, na ipo yenye mlango wa kuingia. Chini yake mkunga aliagiza mstari mwembamba: "Vitovu vya watoto wachanga pia tunatazama."

Alikuwa anamalizia nukta ya mwisho, yule msichana akaja na mwanawe mgongoni.

"Kaka, njoo uone," akasema, akamfungua mtoto.

Brashi aliweka kopo chini, akafuta mikono, akainama. Kitovu kilikuwa kikavu, kimejikunja vizuri, na tumbo linapanda na kushuka taratibu.