Piko ya Mzee Dzombo

...na nikishamaliza upande huu wa kulia nahamia kisogoni, kisha kushoto, kazi ya nusu saa tu, nimepaka maharusi wa Shela na Barani tangu nina miaka kumi na saba, kichwa cha mzee mmoja kitanishinda nini, chovya mswaki, kung'uta, pitisha, chovya tena, na Mzee Dzombo ametulia kwenye kiti cha plastiki, nimemfunika mabega kwa leso yangu kuukuu asichafue shati, shati jeupe, kalivaa leo kwa sababu mwanawe amekuja kumchukua, kama alivyokuwa akiahidi miezi yote hii, huyo hapo nje Ngowa, kaegemea pikipiki yake, anachezea simu, na nyuma yangu Damaris anawaambia wazee inueni mikono, inueni, shusheni, pumueni, kila Alhamisi maneno yale yale, yeye mazoezi na mchezo wa mpira, mie mikono na nywele, wala hakuna anayetulipa, jirani aliniambia twende, Ruwaida, ukawachangamshe wazee wa watu, nikaja, na mwanzo nilichangamka mie zaidi yao, bibi wa miaka themanini anakunyooshea mkono, anakwambia nichoree ua hapa, mwanangu, hapa penye mshipa, na wiki nzima analitazama ua lake... sasa hata ua silioni, nachora tu, tangu Machi nachora tu, kulia, kushoto, anasema Damaris, Bi Kavumbi usilale, na watu wakipita barabarani wakitazama ndani watadhani hapa ni mahali pa wazee kucheza mpira, kumbe hawa walikimbia kwao, kosa lao mvi, mvi na macho mekundu ya moshi wa kuni, mtoto akifa mtaani watu wanatafuta kichwa cheupe cha kukibebesha uchawi, na huyu ninayempaka alitoka Vitengeni usiku kwa miguu, mjukuu wa nduguye alikuwa amekufa kwa homa na yeye ndiye aliyekuwa na mvi, mwaka wa pili huu yuko hapa, na asubuhi Ngowa kaja na pakiti ya piko mkononi, rangi nyeusi ya nywele, kanipa kwa adabu, kasema mpake, mama, awe kama zamani, nyumbani mambo yamepoa, watu wameshasahau.

Wameshasahau. Hata mpwa wa Sidi, bibi aliyekuwa akiishi hapa na hawa, alisema wameshasahau, alisimama pale pale alipo Ngowa, pakiti kama hii hii, na mie nikampaka Sidi, nilimpaka vizuri, vaselini masikioni isimwashe, nikamshikia kioo cha pochi yangu, akajitazama, akacheka mpaka akakohoa, akasema sasa nitafutieni mume, akaondoka Jumanne, na Jumatatu ya pili akakutwa nyumbani kwake, panga, mlango haukuvunjwa, tukaenda kuzika, Damaris na mie na watu kumi hivi waliokuwa wakitazama chini, na uso ulipofunuliwa nikaona kichwa bado cheusi, piko yangu, haijachuja hata kidogo... sikulia, nilirudi nikapika wali, Yaseen akaniuliza una nini wewe, nikamwambia sina kitu, na wallahi sikumdanganya mume wangu, kitu chenyewe ndicho sina, nikijifinya mkono najua panauma lakini najua tu, kama mtu aliyesimuliwa, pumueni, anasema Damaris, pumueni ndani, mzee inamisha kichwa kidogo, namwambia, anainamisha, shingo yake nyembamba, na wazee hawakuambiwa, msimamizi alituita akasema msiwaambie, mtawapandisha presha, semeni yuko kwao mzima, tukasema ndio, na tangu hapo kila Alhamisi Mzee Dzombo akiketi tu ananiuliza Sidi hajambo, nami namjibu hajambo, anawasalimu, linatoka lenyewe, hajambo, na kweli hana jambo, haumwi, hana njaa, hadaiwi, hana jambo lolote Sidi, ya Rabi, ulimi gani huu nilio nao.

Anazungumza huyu mzee, nilikuwa simsikii, anasema mihogo yake huenda nguruwe wameshaimaliza, anasema mudzini, nyumbani kwake, kuna kisima alichimba mwenyewe, maji baridi, nikienda siku moja nitayanywa, namwambia inshallah, chovya, kung'uta, pitisha, na Ngowa anatazama saa, sijui ni mtu mbaya au ni mtu anayeogopa binamu zake au ni mwana tu anayemtaka babake nyumbani, mie nitajuaje, mpwa wa Sidi naye alikuwa na adabu, mbona hata sasa siogopi, namtia mtu rangi ya kwendea kufa na siogopi, mkono hautetemeki, mstari umenyooka, hii ndiyo inayonitisha, kwamba hainitishi.

"Na Sidi," anasema, "hajambo?"

Neno limeshafika mdomoni, limekaa tayari kama kila Alhamisi, nalimeza, mswaki umesimama hewani, piko inamdondokea shingoni, nainama mpaka sikioni kwake, Damaris asisikie, namwambia, "Baba, Sidi alikufa. Walimuua huko kwao. Tangu Machi." Hageuki. Kichwa chake hakisogei, nusu cheusi, nusu cheupe. "Najua," anasema, taratibu, kama anayemjibu mtoto, "ulikuwa ukijibu upesi mno. Mtu akiwa hai ana habari, mara mguu wamuuma, mara mbuzi wapotea. Sidi wako hakuwa na habari hata moja." Na alijua, kumbe alijua, akaja akaketi, akavaa shati, akaniachia kichwa chake, sasa unakwenda kwa nini, baba, namuuliza, kwa nini, na anatazama mlangoni aliko mwanawe, inueni, anasema Damaris, "Nikikataa nitakuwa nimesema nini? Nitakuwa nimesema mwanangu ataniua. Mbele za watu. Mino siwezi kulisema hilo."

Hawezi. Ndiyo maana kila Alhamisi aliniuliza, alikuwa akinisubiri, miezi yote hii alikuwa akinisubiri mie nimkataze, ili asimkane mwanawe kwa kinywa chake, na mie namletea salamu za maiti... "Nitalisema mimi," namwambia, na nikishalisema tu kitu kinanishika kifuani, moyo unapiga mpaka masikioni, naogopa, naogopa Ngowa atanijibu nini, naogopa atanitazama vipi, namwogopea mzee huyu, na mswaki unatetemeka, tazama, unatetemeka, nimetia doa kwenye leso, nimetia jingine, na Ngowa bado yuko kwenye simu yake, na Damaris bado anawashushisha mikono, na mzee ananiambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Malizia basi. Usiniache nusu nusu, Alhamisi ijayo wenzangu watanicheka." Nachovya, na kwa machozi kibakuli chenyewe nakiona kwa shida.