Vifuko kwenye Ini la Pasaka

Jovita alipompeleka paka wake Bukoba, alidhani atapewa dawa ya kuzuia kutapika, kisha warudi Nshamba mchana uleule. Paka huyo, Pasaka, alikuwa na miaka kumi na minne. Marehemu mume wa Jovita, Rwekaza, ndiye aliyemleta nyumbani ndani ya mfuko wa koti, siku ya Pasaka. Rwekaza alipopofuka, paka huyo alishinda naye mapajani wakati Jovita yuko kibanjani, kwenye shamba la kando ya nyumba, akichuma kahawa.

Daktari wa mifugo, Ayubu, alimnyoa Pasaka tumbo, akapitisha kifaa cha ultrasaundi. Alipofika kwenye ini, aliigeuza skrini upande wa Jovita.

"Mama, unaona haya madoa meusi? Yako mengi."

"Ni nini?"

"Kwa umri wake, nahofia ni saratani. Atateseka. Naweza kumpumzisha kwa sindano."

Jovita alimkumbuka Rwekaza wiki zake za mwisho, alivyokuwa akiomba apumzike. Hakuuliza zaidi.

"Basi asiteseke," alisema. Akamshika Pasaka kichwa mpaka sindano ikamaliza kazi yake.

Ayubu aliomba aupasue mwili, aone ugonjwa ulikuwa umefika wapi. Jovita akakubali, akasubiri kwenye benchi nje. Daktari alipotoka alikuwa bado amevaa glovu. Akakaa kando yake.

"Mama, haikuwa saratani. Ni vifuko vya maji. Paka wengi wazee huwa navyo na wala haviwasumbui."

"Na kutapika?"

"Donge la manyoya tumboni. Lingetoka kwa dawa."

"Kwa hiyo angepona."

"Angepona. Nilipaswa kuchukua maji ya vile vifuko na kuyapima kwanza. Niliisoma picha vibaya. Nisamehe, mama."

Jovita alizitazama zile glovu.

"Alikuwa anahangaika pale mezani," alisema. "Nikamwambia atulie, tunakwenda nyumbani."

Ayubu aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Baadaye aliomba amrudishe Jovita na Pasaka wake Nshamba kwa gari lake, naye hakukataa. Boksi lenye mwili wa Pasaka lilikuwa mapajani mwa Jovita, na kila mara gari liliporuka kwenye shimo alilizuia kwa mikono miwili.

Kibanjani, Ayubu alichukua jembe lililoegemea ukuta. Jovita akalitoa mikononi mwake taratibu.

"Nenda, mwanangu," alisema. "Hili niachie mimi."

Akaanza kuchimba.