Kombi Yenye Vitanda

Mimi nina hasira za karibu, sifichi. Mume wangu Luhende alipopunguzwa kiwandani mwaka tisini na tano, alichukua kiinua mgongo chote akanunua kombi kuukuu ya mzungu mmoja, yenye vitanda viwili, jiko na mapazia. Eti atapeleka watalii kwenye vijiji vya milimani na kwenye korongo. Makubwa!

Safari ya majaribio tulimpitia mama yangu kule Rorya. Kifua kilikuwa kinamsumbua, lakini alitaka kuviona vijiji vya juu alikofundisha marehemu baba. Kila tuliposimama watu walikusanyika, na Luhende akawafungulia mlango kwa majivuno: "Hili si gari, ndugu zangu, ni nyumba!" Mama alimsikia.

Jioni tukakwama kwenye matope, ukingoni kabisa mwa korongo. Ukichungulia chini huoni mwisho. Giza likaanza kuingia, mvua ya baridi ikashuka. Tukajua tutalala hapo. Mama akashuka, akajibanza kwenye jiwe na kanga yake.

"Mama, ingia ulale!" nilimwita dirishani.

"Agutu, kwetu mama halali nyumba moja na mkwe wake. Unajua."

"Lakini hili ni gari!"

"Likitembea ni gari. Sasa limesimama, lina vitanda, na mwenyewe amesema ni nyumba. Ashuke, nitaingia."

Luhende akavaa koti, akashika kitasa. Jamani, nilipandwa na hasira! Mume wangu anyeshewe usiku kucha kwa ajili ya mila? Nikamkamata mkono.

"Kaa hapo! Mama yangu namjua. Baridi ikimzidi ataingia mwenyewe."

"Agutu, na kile kifua chake..."

"Nimesema kaa!"

Akakaa. Mvua ilivyokuwa inapiga bati, mama hakuyasikia hayo. Nilimtazama akikohoa, nimekunja uso, nikingoja ashindwe. Hakushindwa. Saa tatu usiku wanakijiji walipokuja kutuvuta, hakuweza hata kusimama. Tukambeba, tukamlaza kitandani, Luhende akaendesha kama mwendawazimu mpaka hospitali.

Siku ya tatu mama akafariki. Alikuwa ameshamwambia kaka yangu Owiti, "Mkwe alikataa kunishukia." Nilikuwa nimekaa hapo hapo, nimeshika bakuli la uji. Sikusema kitu.

Siku ya mazishi Luhende alikuja na wazee wa kwao Buhongwa, wanaswaga fahali, kama inavyompasa mkwe. Owiti akawazuia langoni.

"Wewe ulikaa pakavu, mama yetu ananyeshewa! Rudi na ng'ombe wako!"

Luhende akanitafuta kwa macho kati ya wanawake, akaniona. Angeweza kunitaja. Nilimwomba Mungu asinitaje, na hakunitaja. Nikainama, nikajifanya nalia.

Niliponyanyua kichwa, alikuwa ameshamgeuza fahali, na wazee wake wanamfuata nyuma.